Hasira Kabla ya Mkono

Kule Chawia nilikozaliwa, mtu mwenye hasira moyoni hapewi mkono wala hashiriki kazi ya pamoja mpaka aiseme. Wazee wetu waliamini kwamba hasira iliyofichwa hutoka yenyewe, ikaingia kwa mtoto, kwa ng'ombe, kwa mahindi, na mwenye hasira hata hana habari. Kwa hiyo unasema kinachokuchoma, unachukua funda la maji, au la maji ya miwa kama yapo, unayapuliza chini kwa nguvu, na hasira imetoka nayo. Kwa Kidawida, lugha yetu, huko ni kutasa. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya, na mchungaji alimkanya mara nyingi kuhusu jambo hilo. Alimjibu kwamba maji ni ya Mlungu, kinywa ni cha Mlungu, na hasira ni yake mwenyewe, kwa hiyo haoni mahali alipomkosea mtu.

Natanguliza hilo kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi katika wizara inayoshughulika na nchi za nje, nimekaa mezani na wakubwa wa dunia hii, na nimechoka kuambiwa kwamba nchi kama yetu, isiyo kubwa wala ndogo, haina la kufanya mbele yao ila kutabasamu. Kila mkutano lazima atokee mtu wa kutukumbusha kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, na wenzake hutikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nimekulia mahali ambapo tembo huingia shambani kweli, na sijawahi kuona watu wetu wakilala chini wawe nyasi. Tunapiga madebe, tunawasha moto, tunapaka kamba pilipili, tunapiga kelele mpaka sauti zinakauka. Wakati mwingine wanamaliza mahindi yote hata hivyo. Lakini hakuna tembo aliyewahi kutoka shambani kwetu kwa sababu tulimtabasamia.

Mkubwa wa kwanza niliyemjua maishani alikuwa jirani yetu mwenye lori. Upande wetu wa mlima lori lilikuwa lake peke yake. Kabeji, maharagwe, ndizi, vyote viliteremka Mwatate na Voi kwa lori lile, na ukikosana naye mboga zako zilioza ukiziangalia. Siku moja dereva wake alirudi nyuma vibaya akabomoa ukuta wa mawe ulioshikilia shamba letu la mteremkoni. Udongo ukamwagika, migomba ikalala barabarani. Majirani walimshauri mama anyamaze, maana msimu wa kabeji ulikuwa umekaribia. Mama alimtumia yule bwana ujumbe: nina hasira na wewe, njoo uisikie.

Alikuja amevaa koti, amebebewa kreti ya soda. Mama alimwambia soda ingoje. Alisema yake yote: ukuta, migomba, na zaidi ya yote ile tabia ya kupita mlangoni kwa mtu uliyemharibia bila kusimama. Akachukua maji kwenye kibuyu chake kidogo, akayapuliza. Kisha akampa yule bwana kibuyu na kumwambia, "Sasa wewe." Bwana yule alishangaa, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza kama yeye naye ana hasira. Kumbe alikuwa nayo nyingi tu. Sisi watoto tulikuwa tunalirushia lori lake mawe kila likipita. Aliyasema hayo, akapuliza, maji mengine yakamwagikia koti. Wiki hiyo hiyo vijana wake waliujenga ukuta upya, na sisi tulichapwa.

Alibeba kabeji zetu kwa miaka baada ya hapo. Hata hivyo mama hakuwahi kumpa kabeji zote. Kila msimu sehemu fulani iliteremka Mwatate vichwani mwetu, polepole, na mimi nikiwa mmoja wa wabebaji niliichukia sana siasa hiyo. Baba alipouliza kuna haja gani ya kuwatesa watoto na lori lipo, mama alimwambia, "Huyo akijua sina njia nyingine, nitakuwa nimeolewa mara ya pili." Nimesoma vitabu vinene vya ubia wa kimkakati tangu wakati huo, na vingi vinazunguka hapo hapo bila kusema waziwazi namna hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Miaka michache iliyopita taifa moja kubwa lilitaka kujenga kituo cha mizigo kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta, upande wa Mraru. Silitaji jina. Ukimtaja mkubwa mmoja, watu huacha kusikiliza wakaanza kukuuliza uko upande wa nani. Walichokitaka kilikuwa wazi. Voi ni njia panda: reli na barabara za kutoka bandarini zinapita hapo, na ni hapo unapokata kona kwenda mpakani. Anayeshika kona ile anashika mizigo ya nchi zaidi ya moja. Sisi tulitaka kituo, kazi za vijana, na ufundi ambao wangetufundisha. Sikuona ubaya wowote. Niliifanya kazi ile kwa moyo, na kwa furaha ya mtu anayerudi kwao kwa gari la serikali.

Kilichonichoma ni kifungu kimoja katika mkataba. Kilisema kituo kitakuwa cha kwanza kupewa maji ya eneo lile, mwaka wa mvua na mwaka wa kiangazi. Maneno yenyewe yalikuwa mapole, yamevaa nguo za heshima. Lakini Mraru, pale kiwanja kilipopangwa, palikuwa na kisima kimoja kirefu chenye maji ya kunyweka, na dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko, alikuwa akipanga foleni hapo na wanawake wenzake. Bomba kubwa la kupeleka maji pwani limepita kwetu tangu kabla sijazaliwa, kwa hiyo tumezoea maji yanayopita. Kifungu hiki kilitaka hata yale machache yaliyosimama nayo yaondoke.

Mkuu wangu alikuwa mtu wa Voi mjini, wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani, Kiswahili chake safi na subira yake ndefu. Nilimwambia kifungu kile kitoke.

"Dadangu," alinijibu, "mkono usioweza kuukata, ubusu."

Nilimwambia hakuna anayetaka kuukata. Nataka ufunguliwe tu, tuone umeshika nini. Alicheka, kifungu kikabaki.

"Hawa waweza kuondoka," alisema siku nyingine.

"Na wanaopatamani hapa wengine wapo, mkuu."

"Hata hao wana mikono," alisema, na hapo alinishinda.

Siku moja kabla ya kutia sahihi tulikwenda Mraru kuwaonyesha wageni kiwanja. Ulikuwa mwaka wa kiangazi. Vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya vitambaa vyeupe vilivyofunika viti vya plastiki. Mtu wa itifaki aliyetoka Nairobi alikuwa amewapanga wachezaji wa ngoma na kuwaambia wanawake watabasamu. Hakuna aliyewaeleza juu ya kifungu cha maji, na hawakuhitaji kuelezwa. Wapima ardhi walikuwa wamechomeka vigingi vyenye utepe mwekundu kuanzia kisimani hadi kiwanjani, na mtu anayechota maji kila asubuhi hahitaji kuambiwa bomba litaelekea wapi.

Dada yangu ndiye aliyechaguliwa kumkaribisha kiongozi wa wageni, kwa kuwa ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Kazi yake ilikuwa kumvisha shada na kumpa mkono. Alikuja bila shada. Alikuwa ameshika kibuyu kidogo ambacho ningekitambua popote, kile cha mama.

Kiongozi wa wageni, mtu wa makamo, mrefu, mwenye suti ya kijivu ambayo hata lile vumbi liliiogopa, alinyoosha mkono. Dada hakuupokea. Alisema maneno yake kwa Kidawida bila haraka, akichukua funda na kupuliza, akisema tena na kupuliza tena, na maji yakatua kwenye vumbi karibu na viatu vya mgeni. Ngoma ilinyamaza. Mlinzi wa mgeni akasogea mbele.

"Anafanya nini?" mgeni aliniuliza kwa Kiingereza. Katika msafara wetu ni mimi peke yangu niliyejua Kidawida.

"Mwambie ni baraka," mkuu wangu alininong'oneza. "Ni mila, ni baraka, twende mbele."

Watu hudhani ujasiri ni kitu cha moto. Mimi miguu yangu ilikuwa baridi katikati ya jua la Mraru. Nilikuwa na mshahara wa kulinda na watoto wa kusomesha, na uongo niliopewa ulikuwa mdogo tena mzuri, wa kumfurahisha kila mtu. Niliogopa, nasema wazi. Lakini nilimwona dada ameshika kibuyu, ananitazama mimi, siyo mgeni. Nikisema baraka, mkono utapokewa, picha zitapigwa, na maji yale yatakwenda. Na hapo niliwakasirikia wote kwa pamoja, mgeni na mkuu na yule mtu wa itifaki na vitambaa vyake.

"Ana hasira na wewe," nilisema. "Anasema vigingi vyako vimeanzia kisimani kwake na hakuna aliyebisha hodi. Anasema hapa wameona maji mengi yakiondoka, na haya hayaondoki. Kwetu, mtu akitaka kufanya kazi na wewe, anakuambia hasira yake kwanza. Asiyekutaka hakuambii kitu. Sasa anangoja useme yako."

"Mimi sina hasira," alisema mgeni.

Nilimtafsiria dada. "Mwambie ataipata," alisema dada, na akina mama nyuma yake wakacheka. Hilo sikulitafsiri, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Mgeni aligeuka akarudi kwenye gari.

Njia nzima ya kurudi Voi mkuu wangu alitazama nje dirishani. "Umetumaliza, dadangu," alisema tu.

Alasiri tulikaa mezani katika hoteli moja mjini. Kiongozi wa wageni hakunitazama. Alimwuliza mkuu wangu, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama yule mwanamke wa asubuhi ndiye anayeisemea serikali yetu. Nilitegemea mkuu aombe radhi. Nilimjua, alikuwa fundi wa kuomba radhi, angeweza kukuomba radhi kwa kosa lako mwenyewe. Alichukua glasi yake ya maji, akainywa yote, akaiweka chini.

"La," alisema. "Sisi ndio tunaomsemea yeye. Na kifungu cha maji kitoke."

Wageni walinong'onezana, kisha wakafunga mafaili yao. Kesho yake hakuna sahihi iliyotiwa. Nilimfuata mkuu kwenye korido nikitaka kumshukuru, akanikatiza. "Usinishukuru. Yule bwana ameniudhi. Ile ilikuwa dharau." Nilitaka kumwambia kwamba ndivyo watu wa kwetu wanavyofanya, ila yeye maji ameyameza. Nikaona siyo wakati wake.

Ya baadaye hayakuwa mazuri, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ukisema kweli milango hufunguka. Nairobi walikasirika. Mkuu aliandikiwa onyo. Mimi niliondolewa mezani nikapelekwa uwanja wa ndege wa Mombasa kupokea wageni wa serikali, kushika mwavuli na kuuliza kama safari ilikuwa njema. Wenzangu niliowafundisha kuandika mikataba walipita mbele yangu wakiwa na mikoba yao, wakinisalimia kwa huruma. Huruma ile iliniudhi kuliko kuhamishwa.

Aliyelipa zaidi ni dada. Vijana waliokuwa wamengoja kazi za kituo walijua nani wa kumlaumu. Sokoni Voi, mbele ya watu, mmoja alimwambia, "Wewe mama ndio ulifukuza kazi yetu. Sasa kunywa hiyo maji yako." Mwanawe mwenyewe alikaa muda mrefu bila kumsemesha. Nilimpigia simu nikamwuliza kama anajuta.

"Hiyo kisima iko na maji?" aliniuliza.

"Najua ina maji, dada."

"Basi wacha wanitukane. Nikitoka kutukanwa narudi nyumbani napika."

Nchi nyingine kubwa ilipata habari kwamba kona ya Voi iko wazi, ikatuma watu wake waje kuitazama. Mkuu wangu aliwapokea yeye mwenyewe. Walionisimulia wanasema aliwaambia habari ya maji kabla hata hawajaketi, na wao wakasema watafikiria, kama wakubwa wanavyosema. Hakuwafukuza wala hakuwakumbatia. Nilimwelewa vizuri sana, maana nilikuwa nimezibeba kabeji zile kichwani. Wale wa kwanza nao wakasikia kwamba wa pili wamekuja. Watu husema nchi yetu haina nguvu, na mimi nawauliza: hiyo kona ataihamisha nani? Wenye manowari wangeweza kutunyima vitu vingi, lakini reli ya kwenda Taveta ingeendelea kukatia Voi.

Walirudi. Ilichukua muda mrefu, lakini walirudi, na mkataba mpya ulisema kituo kitachimba bwawa lake chenyewe la maji ya mvua, na kisima kibaki cha watu wa Mraru, pamoja na mfereji mpya wa bomba wa kuchotea. Walitia sahihi Nairobi. Sikualikwa. Nilisoma habari hiyo kwenye simu, nimesimama uwanja wa ndege na mwavuli mkononi, na nililia kidogo kwa hasira na furaha zilizochanganyika, nikaenda kumpokea mgeni aliyekuwa akishuka.

Kisha siku ya kufungua ule mfereji, mgeni niliyepangiwa kumpokea alikuwa ni yeye, bwana wa suti ya kijivu. Alinikumbuka. Nilimwuliza kama safari ilikuwa njema, akasema ilikuwa njema, tukaingia garini. Tulipanda barabara kuu kwa ukimya wa watu wenye adabu. Tulipopita Miasenyi, wanawake wa kando ya barabara wakitunyooshea mafungu ya vitunguu, alisema ghafla, "Nilikuwa nayo."

Sikumwelewa.

"Hasira. Siku ile. Nilikuwa nayo."

"Usiniambie mimi," nilimjibu. Mtu wa mwavuli hana la kupoteza.

Mraru palikuwa na mahema yale yale na vitambaa vile vile. Mfereji ulisimama umepakwa rangi ya buluu, karibu na lango la kituo, na mbele yake dada yangu amejifunga leso mpya, kibuyu mkononi. Mkuu wangu alikuwapo, nywele zimekuwa nyeupe. Mwanawe dada naye alikuwapo, amevaa kofia ya wajenzi wa kituo, amejibanza nyuma ya watu.

Dada alifungua mfereji. Maji yalikohoa, yakatoka na kutu, yakasafika. Alikinga kibuyu kikajaa, akachukua funda la kwanza, na watu wakaanza kupiga makofi. Mgeni akanyoosha mkono.

Dada hakumeza. Aliyapuliza yale maji chini, na makofi yakafa. Alisema mfereji umewekwa mlangoni pa kituo, na wanawake wazee watavuka njia ya malori ili kuchota. Alisema hakuna aliyemwuliza auweke wapi. Alisema alitukanwa sokoni kwa ajili ya mkataba ambao leo wengine wanaupigia picha. Hili la mwisho alilisema akiwatazama watu wa serikali, na kila alipopumua alichukua funda lingine. Waheshimiwa walitazama saa zao. Mtu wa itifaki alianza kumsogelea, na mkuu wangu akamshika mkono wa shati.

Mgeni alikuwa bado amenyoosha mkono. Aliniinamia. "Amemaliza?"

"Bado," nilisema.

Aliushusha mkono wake, akasimama wima, akangoja. Mtu wa taifa linaloweza kuununua mji wa Voi mara nyingi alisimama juani na suti yake akimsubiri mwanamke wa Mraru amalize kukasirika, na mimi sikufungua mwavuli.

Dada alipomaliza alifuta mdomo kwa leso, akampa kibuyu.

Mgeni alikipokea kwa mikono miwili. Hakutumia Kiingereza. Alisema kwa lugha ya kwao, mwanzo polepole, kisha kwa sauti ya mtu aliyebeba jambo kwa muda mrefu. Hakuna aliyeelewa hata neno moja, na hakuna aliyeniomba nitafute mkalimani. Alichukua funda, akapuliza, na maji mengi yakaishia kwenye tai yake.

Hapo ndipo dada alipompa mkono.